Boksi la rola na ndoo ya rangi inayoosheka: nini kinafaa, nini kibadilishwe kabla ya kugusa ukuta

Maboksi ya vifaa vya kupaka rangi nyumbani hayatofautiani sana: trei ya plastiki, fremu ya rola yenye kichwa kimoja au viwili, brashi mbili tatu, mkanda wa karatasi, nailoni ya kufunika sakafu, na mara nyingine kipande cha msasa. Familia inayotaka kuipa sebule au chumba cha watoto sura mpya bila kuita fundi hununua boksi hilo pamoja na ndoo ya rangi ya maji iliyoandikwa "inaosheka", kisha huanza kazi jioni hiyo hiyo. Tumevitathmini vitu hivi viwili kwa pamoja kwa sababu ndivyo vinavyotumika, na kwa sababu rangi hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Ukuta ukitoka na mabaka, mistari au nyuzi, mara nyingi kosa ni la kichwa cha rola au la ukuta ambao haukuandaliwa.

Uamuzi wetu ni huu. Trei, fremu na nailoni baki navyo. Kichwa cha rola na brashi nyembamba kabisa viweke kando kwa kazi chafu kama kupaka praima (rangi ya kutayarisha ukuta, inayotangulia ile ya juu), ununue vingine. Mkanda utumie kwa masharti. Rangi inayoosheka inastahili pesa yake kwenye kuta zinazoguswa, lakini haistahili kupakwa dari wala kila kona ya nyumba.

Kichwa cha rola

Hapa ndipo boksi linapoangusha watu wengi. Bana manyoya ya kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, uvute kidogo. Nyuzi zikibaki vidoleni, zitabaki ukutani pia, na zikishakaukia kwenye rangi hazitoki ila kwa msasa. Kisha minya lile bomba la ndani. Likiwa la karatasi ngumu litalowa, litalegea, na rola itaanza kukandamiza upande mmoja huku ikiruka upande mwingine. Bomba la plastiki halina tatizo hilo.

Jambo la pili ni urefu wa manyoya, ambao maboksi mengi hayauandiki. Chukua rula upime. Milimita 5 hadi 6 ni kwa milango na mbao laini. Milimita 9 hadi 12 ni kwa ukuta wa plasta uliolainishwa, na huo ndio ukuta wa vyumba vingi. Ukuta wenye chenga za mchanga unataka milimita 18 hadi 20, la sivyo manyoya hayafiki kwenye mashimo na utabaki unarudia sehemu moja mara tano. Ukikosea upande wa pili, yaani manyoya marefu kwenye ukuta laini, rangi itatoka na vinundu kama ganda la chungwa, na vinundu hivyo vitaonekana zaidi kadiri rangi inavyong'aa.

Vichwa vya sponji tungeviondoa kabisa kwenye kazi ya kuta. Sponji hubeba hewa, hewa hutoka kama viputo, na kiputo kikipasuka rangi ikiwa imeshaanza kukaza kinaacha kitundu. Sponji iliyoshikana sana ina nafasi yake kwenye mlango, na rangi ya mafuta au ya maji ya mbao. Kwa ukuta, nunua kichwa cha poliesta iliyofumwa au maikrofaiba, upana wa sentimita 23, manyoya milimita 10 au 12. Na hata hicho kizuri kisafishe kwanza: kizungushie mkanda wa karatasi mwili mzima, ubandue, na utaona nyuzi zilizolegea zimeng'oka nao. Kioshe kwa maji na sabuni kidogo, suuza, kamua mpaka kiwe na unyevu tu. Kichwa kikavu kabisa hunywa rangi kwa pupa katikati na kuacha ncha zake kavu.

Fremu inayokuja na boksi kwa kawaida ni nzima. Kagua vitu viwili tu: inazunguka bila kukwama, na mpini wake una tundu la kuingiza fimbo. Fimbo ya mita moja na nusu hivi inabadilisha kazi yote. Unapaka kutoka chini mpaka karibu na dari kwa mkandamizo mmoja, huku miguu iko sakafuni, na huachi ukuta unakauka ukisogeza ngazi.

Trei ni ndogo. Kwa ukuta mmoja inatosha. Kwa chumba kizima, ndoo pana yenye wavu wa kukamulia ni bora, na haikanyagwi kwa urahisi.

Brashi na mkanda

Ile brashi ya milimita 25 iliyoko kwenye seti humwaga nywele. Brashi unayoihitaji ni ya milimita 50, nywele za nailoni au poliesta, ncha iliyokatwa mshazari. Nywele za mnyama ni nzuri kwa rangi ya mafuta, lakini kwenye rangi ya maji hunywa maji, zinavimba, na baada ya dakika chache brashi inalegea kama mswaki uliochoka. Chovya theluthi moja tu ya urefu wa nywele, gonga pembeni mwa kopo, na usiifute kwenye ukingo.

Mkanda wa rangi ya krimu wa kwenye boksi una gundi kali inayozeeka haraka. Ukiachwa siku kadhaa, hasa panapopigwa na jua, gundi inabaki kwenye fremu ya dirisha au inang'oa rangi ya zamani. Ubandue siku hiyo hiyo. Kazi ikichukua siku kadhaa, nunua mkanda wa wapaka rangi wenye gundi hafifu, ambao umetengenezwa kukaa hata wiki mbili bila kuacha alama.

Mkanda pekee hauleti mstari ulionyooka. Rangi hupenya chini yake kupitia vishimo vidogo vya ukuta. Dawa yake ni kuuziba ukingo kwanza: bandika mkanda, ukandamize kwa kadi ngumu, kisha pitisha rangi ileile iliyoko chini ya mkanda, iache ikauke. Hiyo ndiyo itakayopenya, na haitaonekana kwa kuwa rangi ni moja. Baada ya hapo paka rangi mpya. Bandua mkanda wakati mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la rangi, ukiwa bado na unyevu, ukiuvuta kwa pembe ya nyuzi 45 kurudi ulikotoka. Rangi ikiwa imeshakauka, pitisha kisu chenye makali kwenye ukingo kwanza, vinginevyo itachanika kama ngozi.

Rangi: neno "inaosheka" lina maana gani

Neno hili kwenye ndoo halina uzito peke yake. Tafuta daraja la kusuguliwa. Kiwango cha Ulaya EN 13300 hupima rangi za maji za ndani kwa kuzisugua zikiwa zimelowa: rangi inayopoteza chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) baada ya misuguo 200 iko daraja la 1, inayopoteza kati ya mikroni 5 na 20 iko daraja la 2, na kati ya 20 na 70 iko daraja la 3. Daraja la 1 ndilo la korido, ngazi, jikoni na chumba cha watoto. Daraja la 2 linatosha sebule. Daraja la 3 ni la dari na chumba cha wageni, mahali pasipofutwa mara kwa mara. Ndoo isiyotaja daraja lolote huku ikiahidi kuosheka, ichukulie kama ya daraja la 3 mpaka ithibitishe vingine.

Mng'ao nao una gharama yake. Rangi isiyong'aa ina unga mwingi kuliko gundi, hivyo huficha mabonde na viraka vya puti (mchanganyiko wa kuzibia nyufa), lakini ukiisugua panang'ara na alama inabaki. Silki (rangi yenye mng'ao hafifu kama wa hariri) na nusu mng'ao zina gundi nyingi zaidi. Zinavumilia kitambaa chenye maji ya sabuni, ila zinatangaza kila kasoro ya ukuta, hasa taa au dirisha likiwa pembeni. Siku hizi zipo rangi zisizong'aa zilizofika daraja la 1. Ni ghali zaidi, na kwa ukuta wa nyumba ya familia wenye viraka vya zamani, hizo ndizo tungechagua kabla ya silki. Dari lipakwe rangi isiyong'aa ya kawaida. Kulipia rangi inayoosheka kwa ajili ya dari la chumba cha kulala ni kupoteza pesa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba rangi iliyokauka bado haijakomaa. Kuguswa inaweza kuguswa baada ya saa moja au mbili, na mkono wa pili unapakwa baada ya saa mbili hadi nne kulingana na hali ya hewa. Lakini kuosheka kwake kunakuja baada ya wiki mbili hadi nne. Wengi wanaolalamika kwamba "rangi inatoka na kitambaa" wameiosha ndani ya wiki ya kwanza. Katika wiki hizo usisukumize kabati likagusa ukuta, na mlango uliopakwa usifungwe ukabanwa na fremu, kwa kuwa nyuso mbili za rangi changa hushikana.

Kuhusu harufu, angalia kiasi cha kemikali zinazopeperuka, kinachoandikwa kwa gramu kwa lita. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka ukomo wa gramu 30 kwa lita kwa rangi za maji zisizong'aa za kuta na dari za ndani tangu mwaka 2010. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia popote ulipo. Rangi ikiwa na gramu chache kiasi gani, madirisha yaachwe wazi, na mtoto mchanga asilale chumba hicho siku za mwanzo.

Ununue lita ngapi

Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, kina mzunguko wa mita 14. Zidisha kwa 2.5 upate mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha moja, yaani karibu mita za mraba 3, zibaki 32. Mikono miwili ni 64. Lita moja ya rangi nzuri hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa, lakini kwenye ukuta mkavu unaonyonya au wenye chenga inashuka hadi 6 au 8. Kwa ukuta laini basi unahitaji lita 6 na nusu, ununue 7. Dari la mita za mraba 12 litataka lita 2 na nusu kwa mikono miwili.

Ukinunua makopo mawili au zaidi ya rangi iliyochanganywa dukani, yamimine yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, kisha urudishe kwenye makopo. Mashine ya kuchanganyia hutofautiana kidogo kati ya kopo na kopo, na tofauti hiyo usiyoiona kwenye vifuniko utaiona katikati ya ukuta, pale kopo la kwanza lilipoishia.

Usichague rangi kwa kikadi cha dukani. Paka mikono miwili kwenye karatasi ngumu ya A4, acha ukingo mweupe pembeni, uibandike ukutani na kuihamisha kutoka kwenye ukuta wa dirisha hadi ule wa kivulini. Itazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Balbu ya kelvini 2700 huvuta kila kitu kuelekea manjano, na kijivu kilichopendeza mchana huweza kugeuka rangi ya udongo. Pengine ni balbu inayohitaji kubadilishwa, na hilo ni bora kulijua kabla ya kununua lita saba.

Ukuta, ambao boksi haliutaji

Seti hizi karibu zote zinakosa vitu vinavyoamua matokeo: puti, skrepa ya kukwangulia, msasa wa kutosha na praima. Viongeze mwenyewe.

Anza kwa kupitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, rangi ya zamani imekuwa chaki na chochote utakachopaka juu yake kitashika chaki, hakitashika ukuta. Osha, acha ikauke, paka praima ya kugandisha vumbi. Kisha fanya jaribio la mkanda: chora kwa kisu vijistari vinavyokatizana, bandika mkanda imara, uvute kwa ghafla. Vipande vya rangi vikitoka na mkanda, hakuna rangi mpya itakayookoa hali hiyo. Kwaruza mpaka ufike panaposhika.

Ukuta wenye unyevu usiupake. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ziba pande zote nne kwa mkanda, ukiache kwa saa 24. Matone yakitokea upande wa ndani, maji yanatoka ukutani, na chanzo chake kitafutwe kwanza: bomba, paa, au udongo uliorundikwa nje juu ya usawa wa msingi. Matone yakiwa upande wa nje, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, na hapo dawa ni kufungua madirisha. Ule unga mweupe unaofanana na chumvi ni chumvi kweli, iliyoletwa na maji yakipanda ndani ya ukuta. Ifute kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji itayeyuka, itarudi ndani, na itatoka tena.

Plasta mpya ya saruji iachwe angalau siku 28. Kabla ya hapo bado ina ualkali mkali na maji mengi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hugeuka kuwa kama sabuni na kubanduka ikiwa laini. Ukuta mpya unapakwa kwanza rangi ya maji iliyoongezwa maji asilimia 20 hadi 30, ili iingie ndani ya plasta, au praima inayostahimili alkali. Baada ya mkono huo usiongeze maji zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye kopo. Rangi iliyomwagiwa maji mengi hupoteza gundi yake, haifuniki, na ile sifa ya kuosheka uliyoilipia inaondoka pamoja na maji.

Madoa ya moshi, ya maji yaliyovuja, ya kalamu ya wino na kalamu za nta za watoto hayazibwi na rangi ya maji hata ukipaka mikono sita, maana maji ya rangi yenyewe huyayeyusha na kuyaleta juu. Yanahitaji praima ya kuzuia madoa, ya mafuta au ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti). Kopo dogo linatosha nyumba nzima, na ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo tungevisisitiza kwa kila mtu.

Nyufa na matundu ya misumari: panua ufa kidogo kwa ncha ya skrepa ili puti ipate pa kushika, futa vumbi, lowesha, jaza. Puti ya unga ijazwe kwa tabaka za milimita 3 hadi 5, kila moja ikauke. Ukijaza shimo refu kwa mara moja itanywea na kupasuka. Ufa unaorudi kila mara kati ya ukuta na fremu ya mlango unacheza, hivyo unahitaji kizibo cha akriliki kinachonyumbulika. Usitumie silikoni hapo. Rangi haishiki juu ya silikoni, inajikusanya na kukimbia kama maji kwenye bati lenye mafuta.

Piga msasa namba 120, malizia na 180. Kisha zima taa kubwa, uwashe tochi na kuilaza ukutani ili mwanga upite sambamba na uso wa ukuta. Kila kingo ya puti iliyobaki itatupa kivuli chake, na hapo ndipo pa kurudia msasa. Tochi hiyo ya dakika tano ina thamani kuliko mkono wa tatu wa rangi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kila kiraka cha puti kipakwe praima. Puti hunyonya kuliko ukuta unaoizunguka, na isipozibwa itaonekana kama baka lisilong'aa hata baada ya mikono miwili.

Onyo moja ambalo maboksi hayaliweki: rangi za zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba za watu mwaka 1978, na kwingine yaliendelea kutumika baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nyumba ikiwa ya zamani na rangi ina tabaka nyingi, usiipige msasa mkavu wala kuichoma kabla haijapimwa.

Kupaka

Anza na dari, zifuate kuta, kisha milango na skatingi (ubao wa chini ya ukuta). Kwenye kuta, usizunguke chumba kizima na brashi ukipaka kona zote halafu ndipo urudi na rola. Kingo zitakuwa zimekauka, na ukuta utaonekana una fremu nyeusi kidogo kuzunguka pande zake. Paka kona za ukuta mmoja kwa brashi, upana wa sentimita 5 hivi, na mara hiyo hiyo ufuatishe rola ikikaribia kona kadiri inavyoweza. Wakiwa wawili, mmoja ashike brashi na mwingine rola. Hivyo ndivyo kazi ya familia inavyokwenda vizuri.

Paka kipande cha upana wa mita moja kutoka juu mpaka chini. Weka rangi kwa mistari ya mshazari, isambaze, halafu malizia kwa mipito mepesi ya kutoka juu kwenda chini, yote upande mmoja, bila kukandamiza. Ukikandamiza rola ili kukamua tone la mwisho, rangi inatokea kwenye ncha zake na kuacha njia mbili zilizoinuka. Ingia kwenye kipande kinachofuata kile cha kwanza kikiwa bado kibichi. Na ukishakiacha, kiache. Kurudia rangi iliyoanza kukaza, eti kwa sababu umeona pa kurekebisha, kunachana uso wake. Subiri mkono wa pili. Fanya kazi hewa ikiwa kati ya nyuzi 10 na 30, na feni isielekezwe ukutani.

Mlango wenye rangi ya mafuta unaotaka kuupaka rangi ya maji una utaratibu wake. Ili kujua kilichopo, sugua kwa pamba yenye spiriti: rangi ikilainika na kutoka ni ya maji, ikibaki kama ilivyo ni ya mafuta. Ikiwa ya mafuta, osha mafuta ya mikono kwa sabuni kali, piga msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ufe, paka praima ya kushika, ndipo rangi. Ukiruka hatua ya praima, mlango utapendeza kwa wiki mbili, na baadaye ukucha wa mtoto utaibandua rangi kama plasta ya kidonda.

Karatasi za kubandika, kwa wasiotaka rola

Kwa ukuta mmoja wa kupamba, karatasi za vinaili zenye gundi mgongoni zinafaa, kwa masharti. Zinataka ukuta laini, wenye mng'ao kidogo, uliokauka. Kwenye rangi isiyong'aa ya bei ya chini hazishiki vizuri, au zinashika na kuondoka na rangi. Kwenye rangi mpya subiri wiki nne. Kwenye ukuta wa nje wenye unyevu usiziweke, kwa kuwa vinaili haipitishi hewa na ukungu utaota nyuma yake bila kuonekana. Karibu na jiko gundi hulainika, na maungio hufunguka.

Rola nyingi za karatasi hizi zina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10. Ukuta wa mita 4 unahitaji vipande 9. Kwa kimo cha mita 2.5, ukiacha ziada ya kukata juu na chini, kila rola inatoa vipande 3, hivyo rola 3, na ongeza moja kama maua yake ni makubwa na yanahitaji kuoanishwa. Kosa kubwa ni kuanzia kwenye kona. Kona za nyumba mara chache ziko wima, na kipande cha kwanza kikiinama milimita 3, cha tisa kitakuwa kimepotea kabisa. Chora mstari kwa timazi au pimamaji, anzia hapo. Bandua karatasi ya nyuma sentimita 30 tu kwa mara moja, ukandamize kutoka katikati kwenda pembeni. Siku ya kuitoa, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, uvute polepole ukiilaza ukutani.

Kwa nyumba ya kupanga, tungechagua karatasi hizi. Kwa nyumba yako mwenyewe, rangi hudumu zaidi na hurekebishika kirahisi.

Baada ya kazi

Kichwa kizuri cha rola kinatumika mara nyingi kikioshwa mara moja. Kikwangue kwa mgongo wa kisu cha puti rangi irudi kwenye kopo, kioshe mpaka maji yawe safi, kitundike kikiwa wima. Kikilazwa manyoya yatabonyea upande mmoja. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili hakuna haja ya kuosha: kifunge ndani ya nailoni bila kuacha hewa.

Rangi iliyobaki isiachwe kwenye ndoo kubwa, kwa sababu hewa iliyo juu yake hutengeneza ngozi. Ihamishie kwenye chupa inayokaribia kujaa, ifunge vizuri, uandike jina la chumba, namba ya rangi na tarehe. Ukija kuziba mkwaruzo miezi kadhaa baadaye, tumia rola ndogo badala ya brashi na upake kidogo sana. Rangi isiyong'aa itakubali kiraka hicho. Ya silki mara nyingi haikubali, na itabidi upake ukuta huo kutoka kona hadi kona.